Maumivu ya mishipa ya fahamu: Wagonjwa wazunguka wakitafuta mlango wa kubisha

MTU mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu huteseka zaidi usiku. Mchana hujikaza akaenda kazini, akapanda daladala na kusimama kwenye foleni ya benki kama wenzake. Giza linapoingia na nyumba kutulia, nyayo huanza kuwaka kama za aliyekanyaga makaa. Shuka jepesi likigusa kidole huuma kupita kiasi, na mara kwa mara hupita mshituko mithili ya umeme kutoka kiunoni hadi kisiginoni.

Asubuhi hana jeraha la kuonyesha. Mguu haujavimba, ngozi haijachubuka na picha ya eksirei haina habari yoyote. Hapo ndipo safari yake inapoanza: duka la dawa, zahanati, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa, na katikati ya vituo hivyo kwa mganga au kwa mwombeaji, ambako wapo wanaoelezwa kuwa wamekanyaga kitu kibaya walichotegewa njiani.

Safari hiyo haisababishwi na kukosekana kwa elimu ya tiba. Ugonjwa unafahamika, na baadhi ya dawa zake ni za miaka mingi na za bei nafuu. Wala Afrika Mashariki si ngeni katika kazi ya kutuliza maumivu, kwani huduma hiyo ina zaidi ya miaka 30 katika eneo hili. Isipokuwa iliingia kupitia mlango wa wagonjwa wa saratani walio katika siku zao za mwisho. Yule ambaye maumivu yake hayatamuua, bali ataishi nayo miaka 20 au 30, hakutengewa mlango wake.

Katika hali ya kawaida maumivu ni taarifa. Mtu akijikwaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kwamba kidole kimeumia, na kidole kikipona habari hizo hukoma. Katika maumivu yanayozungumziwa hapa, kilichoumia ni mshipa wenyewe, uti wa mgongo au sehemu ya ubongo inayopokea taarifa hizo. Mpeleka habari ndiye mgonjwa, naye huendelea kutangaza moto mahali ambapo hakuna moto.

Jambo linalowachanganya wengi, wakiwamo baadhi ya watoa huduma, ni kwamba mguu huohuo unaowaka huwa pia na ganzi. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asijue, kisha usiku akakosa usingizi kwa sababu ya shuka. Anapoyaeleza hayo mbele ya daktari mwenye wagonjwa 40 wanaosubiri nje, maelezo yake husikika kama yanapingana, na ni rahisi aonekane mtu wa kulalamika tu.

Makadirio yaliyochapishwa na watafiti mwaka 2014 yanaonyesha kuwa kati ya asilimia 7 na 10 ya watu wote huishi na maumivu yenye sifa hizo. Takwimu nyingi zilizotumika zilitoka nchi tajiri. Hata hivyo, ukitazama vyanzo vyake, hakuna sababu ya kudhani kuwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala zimesalimika.

Chanzo cha kwanza ni kisukari. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 9 ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na ugonjwa huo. Hadi nusu ya wagonjwa wa kisukari hupata madhara ya mishipa ya fahamu kadiri miaka inavyokwenda, na sehemu kubwa ya hao hupata maumivu. Metformini, dawa inayotumiwa na wengi wao, ikimezwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini na kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Chanzo kingine kina historia yake. Wakati tiba ya VVU ilipoanza kuwafikia wananchi wa kawaida katika miaka ya 2000, stavudini ilikuwamo katika mchanganyiko wa dawa uliotumiwa na wengi kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini iliwaacha baadhi ya watumiaji wakiwa na miguu inayowaka. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe mwaka 2009. Mishipa iliyokwisha kuumia haikupona yote kwa tangazo hilo, na waliookolewa wakati ule ni watu wazima waliopo mitaani hadi leo.

Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huumiza mishipa ya fahamu iwapo mgonjwa hana vitamini B6 ya kutosha, ndiyo maana huambatanishwa na kidonge cha vitamini hiyo. Ukoma, ulevi wa kupindukia, baadhi ya dawa za saratani, pingili za mgongo zinazobana mshipa, na ajali za bodaboda zinazonyofoa mishipa ya bega, vyote vimo katika orodha.

Halafu kuna mkanda wa jeshi. Malengelenge yake hukauka baada ya wiki chache na majirani wakampa mgonjwa pole ya kupona. Kwa baadhi, hasa wazee, ngozi hupona na maumivu yakabaki palepale kwa miezi au miaka, kiasi kwamba kuvaa shati kunakuwa adhabu.

Kosa la kwanza hutendeka dukani. Muuzaji husikia neno "maumivu" na kutoa alichonacho: parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizi ni nzuri kwa jino, kwa kichwa na kwa goti lililovimba. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa kuzuia uvimbe, na katika mshipa ulioharibika mara nyingi hakuna uvimbe wa kuzuia. Mgonjwa asipopata nafuu huongeza kipimo, kisha huongeza siku.

Hapo hatari nyingine huingia kimyakimya. Diklofenaki ikimezwa kwa miezi huchubua tumbo na kuumiza figo, na mgonjwa wa kisukari ni mtu ambaye figo zake tayari zimo mashakani. Anatafuta dawa ya miguu na kununua ugonjwa wa pili, tena kwa fedha zake mwenyewe.

Dawa zenye ushahidi zimo katika makundi ambayo jina lake huwatisha watu. Amitriptilini ilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Gabapentini na karbamazepini zilianza kama dawa za kifafa, na hii ya mwisho ndiyo inayotegemewa zaidi katika maumivu makali ya mshipa wa uso yanayopiga kama radi mtu anapotafuna au kupiga mswaki. Zote hutuliza mishipa inayopeleka taarifa bila sababu.

Amitriptilini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa maumivu hutolewa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, na huchukua wiki kadhaa kabla ya matokeo kuonekana. Hukausha mdomo na kuleta usingizi, na kwa mzee mwenye tatizo la moyo au la kukojoa inahitaji uangalifu mkubwa.

Tatizo ni pale inapoandikwa bila maelezo. Mgonjwa akifika nyumbani na kuambiwa na ndugu kwamba hiyo ni dawa ya "wenye matatizo ya akili", huona kuwa daktari hakumwamini, na hutupa vidonge siku ya tatu. Dakika tano za maelezo zingeliokoa tiba nzima. Ni dakika hizo tano ambazo kliniki ya kawaida haina.

Aidha, ni lazima ukweli usemwe kuhusu uwezo wa dawa hizo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Neurology ulionyesha kuwa kwa kundi la amitriptilini ni lazima kutibu takriban wagonjwa wanne ili mmoja apate nafuu ya nusu ya maumivu, au zaidi, ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa gabapentini ni sita hivi, na kwa pregabalini ni karibu wanane. Mtu anayeahidiwa kupona kabisa kwa kidonge kimoja anadanganywa, awe ameahidiwa na mganga au na mwenye koti jeupe.

Ni kutokana na udhaifu huo wa dawa ndipo wazo la kliniki ya maumivu lilipozaliwa, na kuna mizizi miwili ya kulitazama.

Mzizi wa kwanza ni wa John Bonica, daktari wa usingizi aliyezaliwa Italia mwaka 1917, akakulia Marekani na kugharimia masomo yake kwa kupigana mieleka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumia askari majeruhi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington. Wapo waliokuwa wamepona vidonda lakini bado wanaungua kwa ndani. Aliwauliza mabingwa wenzake na kugundua kuwa kila mmoja alijua kipande chake tu. Akaanza kuwakutanisha ili wamjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja.

Bonica alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu tiba ya maumivu mwaka 1953. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, kliniki ambamo daktari wa usingizi, wa mishipa ya fahamu, wa upasuaji na wa saikolojia walimwona mgonjwa mmoja. Yeye mwenyewe aliishi na maumivu ya viungo yaliyotokana na mieleka.

Mzizi wa pili ni wa Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's mjini London kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa. Alifundisha kuwa maumivu ya mtu huyo ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa wakati mmoja.

Afrika Mashariki ilipokea mzizi huu wa pili. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako unga wa mofini ulichanganywa na maji na kuwa dawa ya kunywa yenye gharama ndogo. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake na kuwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hatua iliyosifiwa kimataifa. Tanzania nayo ilijenga tiba shufaa kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ikawafuata wagonjwa majumbani mwao.

Ni kazi ya heshima, na bado haijakamilika. Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2017 ilieleza kuwa kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizosambazwa duniani kwa mwaka katika kipindi cha 2010 hadi 2013, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu.

Lakini mlango huo una maandishi juu yake. Mwenye kisukari anayeungua nyayo akitajiwa tiba shufaa hushituka na kuuliza kama anakufa. Mhudumu wa tiba shufaa naye ana wagonjwa wa saratani wanaomtosha. Hata dawa kuu ya huko, mofini, siyo ya kukimbilia katika maumivu ya mishipa ya fahamu. Uchambuzi ule wa mwaka 2015 uliiweka katika safu ya tatu, baada ya nyingine kushindwa.

Mzizi wa Bonica, ule wa mgonjwa anayeishi, haukupandwa kwa kiwango kama hicho. Kliniki za maumivu chache zilizopo katika eneo hili zimo katika hospitali kubwa za mijini, zikiwategemea madaktari wa usingizi, ambao ni wachache na wanahitajika chumba cha upasuaji kutwa. Anayetoka wilayani huhitaji rufaa, nauli, na jamaa wa kumlaza mjini.

Wapo watakaosema ni heri zisiongezeke, wakitaja yaliyotokea Marekani. Hoja hiyo isipuuzwe. Huko, tangu oksikodoni ya kampuni ya Purdue ilipoingia sokoni mwaka 1996 kwa jina la OxyContin, madaktari walishawishiwa kuwa dawa za jamii ya afyuni ni salama kwa maumivu ya muda mrefu. Jina "kliniki ya maumivu" likachafuka. Katika jimbo la Florida baadhi yake zilikuwa maduka ya vidonge yenye foleni mlangoni, hadi mwaka 2011 jimbo hilo lilipotunga sheria ya kuwazuia madaktari wengi kuuza dawa hizo wenyewe.

Kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Mwaka 2021 zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa fentanili ya magendo, baada ya wimbi lililoanza na vidonge vya hospitali.

Afrika ina onyo lake la karibu zaidi, ambalo ni tramadoli inayouzwa vichochoroni Afrika Magharibi na Kaskazini. Uingereza nayo iliziweka gabapentini na pregabalini chini ya sheria ya dawa za kulevya Aprili 2019, baada ya kuona zinatumiwa vibaya.

Ukiyatazama kwa makini, hata hivyo, yaliyotokea Florida yalitokana na kumwacha mtu mmoja mwenye kalamu na duka. Aliyoyataka Bonica yalikuwa kinyume chake: watu wengi, vidonge vichache. Katika kliniki inayostahili jina hilo, mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha mgonjwa kutembea tena bila kuuogopa mguu wake. Mwanasaikolojia hushughulikia usingizi, hofu na ugomvi wa nyumbani vinavyozidisha maumivu. Mfamasia hupunguza dawa zinazogongana, na sindano ya ganzi kwenye mshipa huja kwa wachache wanaoihitaji. Lengo huwekwa mapema, nalo ni la kawaida: kulala saa sita, kurudi dukani kwake, kumbeba mjukuu.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Mwaka 2005 watafiti nchini Ufaransa walichapisha dodoso fupi liitwalo DN4. Lina vipengele 10: saba ni maswali kama vile je, panawaka, panapiga kama umeme, pana ganzi, panawasha, na vitatu ni vya kupima kwa kugusa na kuchoma taratibu. Mgonjwa akipata vinne au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kuwa maumivu yake ni ya mishipa ya fahamu. Vifaa vyake ni pamba na pini, na zahanati yoyote inavyo.

Tanzania tayari ina kliniki za kisukari zenye siku zake za wiki, na kliniki za CTC za wanaoishi na VVU zilizozoea kufuatilia mtu mmoja kwa miaka mingi bila kumsahau. Wagonjwa wa miguu inayowaka wamo humo humo. Muuguzi akipewa dodoso, amitriptilini kwenye kabati na namba ya simu ya bingwa wa kumwuliza, wengi hawatakuwa na sababu ya kusafiri. Kliniki kubwa ya mjini ingebaki na wale walioshindikana.

Kinachokwamisha zaidi ni karatasi. Katika mfumo wa zamani wa kimataifa wa kuorodhesha magonjwa, maumivu sugu yalitawanywa chini ya vichwa mbalimbali, na mara nyingi yaliandikwa kama dalili ya jambo jingine. Toleo la 11, lililopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliyapa maumivu yanayozidi miezi mitatu nafasi yake, na yale ya mishipa ya fahamu yakapata namba yake ndani ya nafasi hiyo. Mahali ambapo namba hiyo haiandikwi, wagonjwa hawahesabiwi. Wasipohesabiwa, bohari haiagizi dawa kwa ajili yao na bima haina cha kulipia.

Swali hilo lina uzito wa pekee tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha huduma kinaweza kulipia upasuaji wa mguu uliooza kwa kisukari na kukataa kulipia nusu saa ya kuuchunguza mguu huo miaka kumi kabla. Mipango ya bima hupenda kulipia kisu, kwa kuwa kina risiti iliyo wazi.

Kwa sasa, anayekwenda kumwona daktari hujisaidia kwa kufika na maneno yaliyo tayari: maumivu yalianza lini, yanafananaje (moto, umeme, sindano), yapo sehemu gani hasa, yanamnyima nini, na dawa zipi ameshameza, zikiwamo za miti shamba. Aulize waziwazi kama ni mishipa ya fahamu, na kama sukari, VVU na vitamini B12 vimepimwa. Akipewa amitriptilini aulize asubiri wiki ngapi kabla ya kurudi, maana siku tatu hazitoshi.

Na kuna dalili zisizosubiri kliniki yoyote. Maumivu ya kiuno yakiambatana na miguu kuishiwa nguvu ghafla, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, huenda mishipa ya chini ya uti wa mgongo imebanwa. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo. Kucheleweshwa kwa siku moja au mbili kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.